Bahari ya Chumvi: uelee ziwani au kwenye dimbwi la kiwanda?

Katika safari za hija kwenda Nchi Takatifu, Bahari ya Chumvi haikosekani kwenye ratiba. Siku hizi wapo wanaosema tusiende: ziwa linakauka, na watalii wanalimaliza. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, ila inamkamata mwizi mdogo na kumwacha mkubwa.

Maji yanashuka zaidi ya mita moja kwa mwaka. Mto Yordani unafikisha chini ya sehemu moja ya kumi ya maji ya zamani, kwa kuwa Israeli, Jordan na Syria huyachota huko juu kwa ajili ya mashamba na miji. Kusini, viwanda vya potashi (chumvi ya kutengenezea mbolea) vya Israeli na Jordan husukuma maji ya ziwa kwenye madimbwi ili jua liyakaushe. Mbele ya hayo, mwogeleaji hachukui kitu. Lawama inayomstahili ni maji matamu ya kujisuuzia, ambayo jangwani ni adimu.

Watetezi wa utalii hujibu kwamba mtalii ndiye mteja anayetaka ziwa libaki. Kweli, lakini inategemea analala wapi. Hoteli za Ein Bokeq, kusini upande wa Israeli, hazipo kando ya ziwa lenyewe, bali kando ya dimbwi namba 5 la kiwanda. Humo chumvi hutuama chini na kuinua maji, kwa hiyo hofu ya hoteli hizo ni mafuriko! Fedha ya mgeni wa pale inategemea pampu ziendelee kuvuta maji kutoka kaskazini.

Ziwa halisi liko kaskazini: Kalia, au Sweimeh upande wa Jordan. Huko mwendo hadi majini unarefuka kadiri ufuo unavyorudi nyuma, na fuwele za chumvi hukata nyayo. Vaa viatu vya mpira. Usiruke uzio kutafuta picha. Maji mazito ya chumvi yanaporudi nyuma, maji matamu ya ardhini huchukua nafasi yake, yakayeyusha tabaka la chumvi lililofukiwa, na ardhi ya juu ikadidimia ghafla. Ufuo wa Ein Gedi ulifungwa kwa sababu hiyo.

Kuelea kwenyewe hakuhitaji nguvu. Ingia hadi mapajani, chuchumaa polepole kama unayekalia kiti, kisha egemea nyuma. Miguu itapanda yenyewe. Chumvi ni takriban asilimia 34, karibu mara kumi ya bahari ya kawaida, hivyo sehemu kama ya tano ya mwili hubaki juu ya maji. Hatari ni kulala kifudifudi: miguu hunyanyuka, uso huzama, na kujigeuza ni kazi. Maji ukiyameza, magnesiamu na kalsiamu huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Nenda hospitali, usingoje dalili. Kusimama, vuta magoti kifuani, sukuma maji kwa mikono, kisha shusha miguu. Dakika 15 zinatosha. Usinyoe siku moja au mbili kabla, na acha chupa ya maji matamu karibu, kwa ajili ya macho.

Kwa mwenye afya, ningechagua kaskazini. Mzee mwenye magoti mabovu atafaidi zaidi Ein Bokeq, kwenye ngazi na vishikizo, mradi wakala asimwambie kuwa ameliona ziwa.