Nyumba umepata, deni je?
Mwandishi wa makala ya kugawana mali baada ya talaka anasema mzazi anayebaki na watoto achukue nyumba, mwenzake achukue akiba, basi yaishe. Hapo sikubaliani naye. Dada yangu alifanya hivyohivyo. Alifurahi kubaki na nyumba, kumbe mkopo ulikuwa na majina mawili, na benki haijali talaka, inaangalia sahihi zilizo kwenye mkataba. Aliyekuwa mumewe alipoacha kulipa, rejesho lote likamwangukia yeye. Nilimkuta usiku mezani, bahasha tatu za benki mbele yake, hata kuzifungua anaogopa.

Kabla ya kusaini chochote, nyumba ithaminiwe, deni litolewe kwenye thamani hiyo, ndipo mjue mnagawana nini hasa. Anayebaki aombe mkopo uandikwe upya kwa jina lake peke yake. Kipato kikiwa hakitoshi, heri kuuza. Akaunti ya pamoja nayo msiiache wazi.

Na pensheni, jamani! Watu wanagombania makochi, wanasahau mafao ya miaka 20 ya kazi. Mama aliyelea watoto nyumbani miaka yote hiyo ana jasho lake humo, hata kama kadi ya uanachama haina jina lake.