Kadi Ina Haraka, Flashi Haina Nafasi

Tangu habari zienee hapa Ndeeba kwamba kompyuta yangu ya mezani imewekwa kadi ya grafiki, ninasalimiwa kwa heshima ambayo sikuipata hata nilipooa. Mimi sihitaji heshima. Ninahitaji kumaliza video za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, kabla wanandoa hawajapata mtoto wa pili. Muuzaji, katika duka moja la katikati ya Kampala, aliniapia kwamba ndani ya kadi mna sakiti maalumu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili dogo, na katika hilo hakudanganya: Nvidia imekuwa ikiweka sakiti ya namna hiyo, iitwayo NVENC, tangu mwaka 2012, Intel iliitangulia kwa Quick Sync mwaka 2011, na AMD nayo ina yake. Ujanja wake ulikuwa katika jaribio.

Alichukua kipande kifupi cha mtu aliyeketi akisoma habari, nyuma yake ukuta mweupe, akakisimba kwa megabiti 20 kila sekunde; kadiri megabiti zinavyozidi, ndivyo picha inavyopendeza na faili linavyonenepa. Kadi ikamaliza kabla sijavaa miwani. Lakini jamani, ukuta mweupe hata mimi ningeusimba kwa penseli! Kisimbaji hulinganisha fremu na zile za jirani yake, kikaandika zaidi kile kilichobadilika, na kwa msomaji wa habari kinachobadilika ni mdomo. Niletee mashangazi waliovaa gomesi za kumetameta, wakicheza ngoma ya bakisimba chini ya mvua ya vikaratasi vya rangi, huku mpiga picha akiwafuata na kamera mkononi kwa sababu stendi aliisahau nyumbani. Hapo ndipo kadi hujulikana tabia.

Mpwa wangu, anayesomea kompyuta, alikuja kusimamia jaribio la nyumbani. Alifungua Task Manager ya Windows, akaona grafu ya 3D, ile ya michezo, imelala chini kabisa, akatangaza, "Mjomba, umeuziwa pambo." Nilimwonyesha grafu ya usimbaji wa video, iliyokuwa imepanda juu, nikamweleza kwamba sakiti hiyo ni idara inayojitegemea na haiwapigii hodi wale wa michezo. Akasema chuoni hawajafika huko. Ada yao, hata hivyo, ilifika mapema.

Kasi ipo, siikatai. Video ya saa mbili ambayo prosesa huitafuna usiku kucha kwa x264, programu ya kusimba, iliyopangwa kwenda polepole, kadi huimaliza mama watoto akiwa bado anamenya matoke. Tatizo ni flashi. Mteja wa kwanjula haleti diski kubwa. Analeta flashi aliyogawiwa bure kwenye semina, iliyoumbizwa kwa FAT32, mfumo usiokubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kwa megabiti 8 kila sekunde, saa mbili huzaa gigabaiti 7.2, na flashi inakataa. Kwa megabiti 4 huzaa 3.6, flashi inakubali, na mashangazi wanageuka vigae. Ningeiumbiza upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, lakini televisheni ya baba wa bibi harusi kule Masaka haiitambui. Niliwahi kuigawa video vipande viwili. Wakaanza na cha pili, na wakwe wakaonekana wanaondoka kabla hawajafika.

Hapo kwenye megabiti chache ndipo tofauti hujitokeza, kwa kuwa sakiti ya kadi imeundwa ikimbie na haina muda wa kutafuta njia bora ya kubana kama programu yenye subira. Nilipima kwa VMAF, kipimo cha ubora wa picha ambacho Netflix ilikitoa hadharani mwaka 2016, na wastani haukuonekana mbaya, kwa sababu hotuba za wazee, ambazo ni ndefu na hakuna anayetikisika, ziliubeba. Ukitazama alama za fremu moja moja, ngoma inapoanza tu, zinaporomoka.

Mtu ataniambia nitumie kodeki mpya, yaani mbinu mpya ya kubana video, HEVC ya mwaka 2013 au AV1 ya mwaka 2018, ambazo hubana vizuri zaidi. Ni kweli, na televisheni ya Masaka ingekubaliana naye kama ingeweza kuzifungua. Yenyewe husoma H.264 ya mwaka 2003 na haioni haya.

Kwa hiyo kadi hunitengenezea rasimu, na nakala ya mwisho huirudishia prosesa usiku, umeme ukiridhia. Umeme ukikatika, betri yangu ya UPS hunipa muda wa kuaga tu, na faili la MP4 lililokatishwa njiani kwa kawaida halifunguki, maana faharasa yake huandikwa mwishoni. Siku hizi nasimba kwanza kwa MKV, aina nyingine ya faili, ambayo huvumilia misiba.

Wateja hawataki kusikia haya. Mama mmoja wa mtaani alinijia usiku uleule wa sherehe, gomesi bado mwilini. "Baba, si una kadi? Nipatie sasa hivi, na bei uipunguze, maana mashine ndiyo inayofanya kazi." Nilimweleza habari za megabiti, za fremu na za FAT32. Alisikiliza kwa adabu yote, kisha akauliza kama kadi hiyo inaweza kumfuta shemeji yake katika video nzima. Nilimjibu kwamba kwa megabiti 4, mradi shemeji awe anacheza, itamfuta bila kuombwa.