Skyward Sword: mkono unakata huku, upanga unakata kule

Malalamiko makubwa ya wanaoanza kucheza The Legend of Zelda: Skyward Sword ni kwamba upanga haumtii mchezaji. Anakata kutoka kulia, Link, shujaa wa gemu, anakata kutoka kushoto. Wanayoyaona ni ya kweli, ila mara nyingi wanamlaumu asiye na kosa. Kidhibiti, kifaa cha kushika kinachosoma mwendo wa mkono, kimeusoma sawasawa, tena kimesoma hata ambacho mchezaji hakukusudia.

Mtu anayetaka kukata kutoka kulia kwa kawaida huuvuta kwanza mkono kwenda kulia ili apate nguvu. Mvuto huo ukiwa wa haraka, gemu huuhesabu kuwa ndilo pigo lenyewe, na pigo la kwenda kulia huanzia kushoto. Tiba yake ni kuupeleka mkono taratibu upande unaotakiwa, kutua kidogo, kisha kukata kwa kifundo cha mkono badala ya bega. Kutumia nguvu nyingi hakumuumizi adui zaidi. Kunachosha tu, na kunaongeza makosa. Kwenye ukumbi wa mazoezi wa Skyloft, mji ambamo hadithi inaanzia, kuna magogo ya kujifunzia mapigo ya ulalo, ya wima, ya mshazari na ya kudunga. Afadhali kukaa hapo dakika kumi kuliko kukimbilia hadithi.

Kuusoma mkono hivi hakukuwezekana Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, ilipotoka mwaka 2006. Kidhibiti chake cha mwanzo kilipima mchapuko na mwinamo, kwa hiyo katika Twilight Princess, gemu ya Zelda ya mwaka huohuo, mtikiso wowote ulitosha kumfanya Link apige. MotionPlus, nyongeza ya kidhibiti iliyokuja mwaka 2009, iliongeza jairoskopu, kifaa kinachopima kasi ya mzunguko, na Skyward Sword ya mwaka 2011 haichezeki kwenye Wii bila hiyo. Sasa upanga una pande nane za kukata na pigo la tisa la kudunga, na kila upande una maana yake.

Maana hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaoitetea gemu hii, na saa za mwanzo tu zinatosha kuionyesha. Adui aitwaye Deku Baba, mmea unaong'ata, hufungua mdomo ama kwa wima ama kwa ulalo, na pigo lisilofuata mpasuko huo ni kazi bure. Skulltula, buibui mkubwa, akiwa ardhini hubinuliwa kwa pigo la kutoka chini kwenda juu, ndipo adungwe tumboni. Bokoblin, adui mwenye silaha, huiweka upande ule anaouona upanga umeelekea. Katika hekalu la Skyview kuna mlango wenye jicho linalofuata ncha ya upanga: chora duara mbele yake, tena na tena, hadi lishikwe na kizunguzungu. Fumbo hilo halina maelezo marefu, na mkono hulielewa kabla ya kichwa.

Kisha anakuja Ghirahim, bosi wa hekalu hilo, anayeshika upanga kwa vidole vyake. Wengi hukwama hapa kwa kuchapa mfululizo bila mpango. Yeye anafuata mahali upanga ulipo, basi ushike upande mmoja, ngoja mkono wake uufuate, sogeza upanga polepole kwenda upande wa pili, na ukate kabla hajaufikia. Sogeza haraka, na gemu itaona pigo badala ya hila. Ni pambano gumu kwa mtu aliyecheza saa chache tu, lakini ni la haki.

Upande wa pili nao una hoja, na ya kwanza ni ya kifaa chenyewe. Jairoskopu haijui iko wapi; hujumlisha mizunguko midogomidogo kila nukta, na hitilafu ndogo hujumlishwa pamoja nayo. Kwa juu na chini, uvutano wa dunia husaidia kurekebisha. Kwa kushoto na kulia hakuna cha kusaidia, ndiyo maana kishale cha kulengea huhamia pembeni kidogo kidogo. Kwenye Wii hurudishwa katikati kwa kubonyeza chini kwenye kitufe cha msalaba, na kwenye toleo la HD, lililoboreshwa kwa ajili ya Switch, mashine ya baadaye ya Nintendo, na kutoka Julai 2021, kwa kitufe cha Y. Uhamaji ukizidi, laza kidhibiti juu ya meza isiyotikisika na ukisawazishe upya. Kukishika mkononi wakati wa kusawazisha kunaharibu kila kitu, kwa sababu mtetemo wa mkono husomwa kama utulivu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na hapa watunzi wa gemu hawana utetezi. Mwendo umelazimishwa hata pasipohitajika. Kumwongoza ndege angani, kutembea juu ya kamba, kuogelea: kote huko unainamisha mkono kufanya kazi ambayo kijiti cha kidole gumba kwenye kidhibiti kingeifanya vizuri zaidi. Upanga unadai uamuzi wa upande, kuogelea hakudai. Mende wa kurushwa, kifaa kinachoruka na kuongozwa kwa mkono, anavumilika kwa kuwa safari zake ni fupi.

Toleo la HD linakwenda kwa fremu 60 kwa sekunde badala ya 30, na upanga unaonekana kuukaribia mkono zaidi. Pia limeleta njia ya vitufe, ambamo kijiti cha kulia kinaamua upande wa pigo. Ghirahim anakuwa mwepesi, kwa sababu kijiti hakivutwi nyuma kabla ya kupiga. Gharama iko kwenye kamera: ili kuigeuza unapaswa kushikilia kitufe cha L wakati ukisukuma kijiti hichohicho, na huwezi kutazama nyuma na kupiga kwa wakati mmoja. Anayecheza kwa mwendo ana kijiti hicho huru kwa ajili ya kamera. Anayeshikilia Switch mkononi hana la kuchagua, ni vitufe tu. Basi akizungukwa na Bokoblin watatu, amlenge mmoja kwa kitufe cha ZL kwanza, amalize naye, ndipo aguse L.