Saint Boy hakuwa mkorofi

Asante kwa makala. Mmeeleza vizuri jinsi pentathloni ya kisasa, mashindano ya michezo mitano kwa mpigo, ilivyoachana na farasi baada ya Olimpiki ya Paris 2024 na kuweka mbio za vikwazo. Ila pale mnapodai Mjerumani Annika Schleu, aliyekuwa akiongoza, alikosa dhahabu kwenye Olimpiki ya Tokyo Agosti 2021 kwa ukorofi wa farasi wake, Saint Boy, sikubaliani kabisa.

Saint Boy alikuwa ameshamgomea mpandaji mwingine siku hiyohiyo. Halafu akapewa Schleu, mgeni kwake, wakiwa na dakika 20 hivi tu za kuzoeana, na huyo naye akawa analia waziwazi juu ya mgongo wake. Farasi ni mnyama anayewindwa. Amesalimika miaka yote kwa kunusa hofu ya wenzake na kutimua mbio kwanza. Inzi akimtua anahisi, seuze miguu inayombana na hatamu inayovutwa! Alirudi kinyumenyume, akakataa kwenda mbele. Jibu likawa kiboko, na kocha wa Schleu akampiga farasi ngumi, ndiyo maana kocha huyo akafungiwa.

Farasi husema mapema, jamani. Masikio yakilala nyuma, mdomo ukikaza, weupe wa jicho ukitokeza, hapo amelemewa, mpe nafasi. Wala usimwendee kutoka nyuma ya mkia, huko haoni. Pita ubavuni kuelekea begani huku ukiongea, ajue ulipo.

Safari nyingine mhojini na daktari wa mifugo, msiishie kwa makocha.