Siku nilipompandisha cheo baba mdogo kwa ndege ya Comet

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye siku ile alipewa kazi moja tu ya kuendesha projekta, ameshasambaza simulizi yake mpaka kwa watu wasionijua, nimeona heri niseme mwenyewe wakati kidonda kingali kibichi. Kwanza, sikuzimia kama anavyodai. Nilikaa chini ghafla, mahali ambapo kiti hakikuwepo, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Ninyi mnaonifuata mnaijua ile picha, maana nimewasumbua nayo wiki tatu: marehemu babu amesimama kofia kichwani, Bibi ameketi kando yake, baba mdogo yu mchanga mapajani, na nyuma yao ndege nzima ya abiria, kuanzia pua hadi mkia. Haikuandikwa tarehe. Mtu mwenye akili timamu angemuuliza Bibi, ambaye yu hai, anasikia vizuri na ananishinda kumbukumbu. Mimi nilinunua kioo cha kukuzia.

Nilianza kwa kuondoa zisizohusika. Haikuwa Dakota, kwa sababu Dakota ikiwa ardhini hukaa mkia chini na pua juu, na rafadha zake mbili, yale mapanga yanayozunguka mbele ya injini, hazifichiki. Haikuwa Constellation, ambayo ina mapezi matatu mkiani. Viscount ina madirisha makubwa yenye umbo la yai, ilhali haya yalikuwa ya mraba, yamenyooka kana kwamba yamepigiwa rula. (Likumbukeni neno hilo, rula.) Zaidi ya hayo, ndege hii haikuwa na rafadha wala injini yoyote iliyoonekana, na hapo ndipo usingizi uliponiruka. Ndege ya abiria iliyoficha injini zake zote nne ndani ya mashina ya mabawa, yenye madirisha ya mraba, ni moja tu: de Havilland Comet ya toleo la kwanza, jeti ya kwanza duniani kubeba abiria wa nauli, iliyoanza kazi hiyo tarehe 2 Mei 1952 kwa safari ya kutoka London kwenda Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Baada ya ajali mbili za mwaka 1954 ndege hizo zilizuiwa kuruka, wachunguzi wakakuta uchovu wa metali, yaani nyufa za bati lililokazwa na kulegezwa mara nyingi, umeanzia kwenye pembe za matundu ya kiwiliwili, na Comet 4, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1958, ikaja na madirisha yaliyoviringwa. Kwa hesabu yangu, basi, picha yetu ilipigwa kati ya mwaka 1952 na 1954, na asiyekubali alete ndege yake.

Nakiri kwamba kulikuwa na vitu viwili ambavyo havikukaa sawa. Kulikuwa na mstari uliolikata bawa kutoka juu hadi chini, nami nikauita kiungo cha mabati. Kulikuwa pia na doa jeusi juu ya wingu, lenye umbo la kofia. Pembeni yake niliandika: "moshi wa injini".

Siku familia ilipokutana kumpongeza Bibi, niliomba dakika kumi. Nilitumia arobaini. Picha ilijaa ukutani, nami nikiwa na fimbo ya kuonyeshea niliwapitisha kwenye mabawa, mkia na madirisha, moja baada ya jingine, hadi nikafika kwenye sentensi niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo: "Kwa hiyo, ndugu zangu, picha hii haikupigwa baada ya mwaka 1954."

Baba mdogo ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliinuka polepole, akafunga kifungo cha koti, akamgeukia baba yangu na kusema, "Maisha yangu yote unanituma maji." Watu wakacheka. Mimi nami, kwa ujinga ambao hadi leo siwezi kuueleza, nikaongeza kwamba kuanzia siku hiyo baba mdogo tumwite baba mkubwa. Kicheko kikapanda tena, kisha kikaanza kukatika upande wa shangazi.

Shangazi ndiye kifungua mimba wa Bibi, amezaliwa mwaka 1957, na cheo hicho hajawahi kukichezea. Nilimwona ameinua mkono wa kushoto na kuanza kuhesabu kwa vidole. Alihesabu mara moja, akasita. Akahesabu tena, safari hii akianzia kwenye ndoa ya Bibi na babu, ambayo kila mtu mle chumbani anajua ilifungwa mwaka 1956. Kidole cha nne kilipokunjwa, baba mdogo alifungua kifungo cha koti na kuketi. Feni ya projekta ilisikika. Baba yangu hakuniangalia mimi, aliiangalia fimbo, kama mtu anayepima uzito wake. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimetumia michoro, tarehe na ushahidi wa kitaalamu kuutangazia ukoo mzima, mbele ya Bibi mwenyewe, kwamba alizaa kabla ya kuolewa.

Bibi alikuwa akitikisika mabega. Nilidhani analia.

"Mjukuu wangu," alisema alipopata pumzi, "hicho ni kitambaa."

Alikuja mpaka ukutani kwa mkongojo wake. Ule mstari wa bawa ulikuwa mkunjo wa kitambaa cha studio. Lile doa lilikuwa kivuli cha kofia ya babu, kilichoangukia wingu kwa sababu wingu lilikuwa nusu hatua nyuma ya kisogo chake. Kwa sauti iliyokuwa imeshakufa, niliuliza kuhusu injini. "Mchoraji hakumaliza," alisema, "alikuwa hajalipwa." Na madirisha? "Alikuwa na rula." Mwaka wenyewe ulikuwa 1963.

Ndipo nilipokaa pale pasipo na kiti.

Mengine ni mafupi. Baba mdogo amerudishwa kwenye cheo chake na anatumwa maji kama kawaida, shangazi hajanijibu ujumbe wowote, na kila shuka lenye maua linaloanikwa kwenye kamba naulizwa limeundwa kiwanda gani. Bibi alinieleza kwamba studio ile ilikuwa na vitambaa viwili, cha ndege na cha meli, na kwamba babu alivipenda vyote.

Picha ya pili, babu akiwa sitahani, ninayo mezani. Nilikuwa nimeshahesabu mabomba ya moshi.