Friji Haili Umeme

Jamani, kabla hamjaendelea kucheka na ile voisi aliyorusha jirani yangu kwenye grupu: si kweli kwamba nilimpigia magoti mama wa watu. Niliipigia mita.

Tangazo la friji mnalijua, mlilipita wote bila hata kunipa laiki. "Imetumika, milango miwili, 350,000, maelewano yapo, HAILI UMEME." Wakaja wale wa "bado ipo?", ukiwajibu ipo wanapotea. Akaja wa laki na nusu, yuko Morogoro, anataka nimfikishie mpaka jikoni. Ndipo akatokea mama mmoja wa Mbagala. Huyo hata bei hakuuliza. Aliuliza, "Inagandisha?"

Alitua mchana na vifuko vyake vya ubuyu, kila kimoja kimefungwa fundo. Anauza aiskrimu mtaani kwao, hanunui friji kwa maneno. Akavipanga, akavua viatu, akajiweka kwenye kochi. "Mwanangu, mi nasubiri igande."

Akasubiri kweli. Akala wali maharage wangu, akasema chumvi imezidi. Nikigusa mlango wa friji nichungulie, "Funga, unatoa baridi!" Friji yangu mwenyewe!

Magharibi akachomoa kifuko, akakigonga mezani. Ko! Roho yangu kwatuu. Akafungua pochi, akaanza kuhesabu noti za elfu kumi kumi, taratibu, kila noti analamba kidole. Ningenyamaza tu. Lakini mdomo huu mnaujua: "Na uzuri wake mama, hii haili umeme kabisa. Mi hata LUKU sikumbuki nimenunua li..."

Giza.

Friji ikatikisika, ikanyamaza.

"Wamekata hawa," nikawahi.

Mama kimya. Kwa jirani taa inawaka. Katuni inasikika, na watoto wanavyoishangilia. Mama akageuza shingo polepole mpaka dirishani. Akaitazama ile taa. Akairudisha shingo polepole mpaka kwangu, kidole bado kiko kwenye noti.

"Mwanangu. Wamemkata nani?"

Kwenye simu nilikuwa na shilingi mia tatu. (Mwisho wa mwezi, msiniulize.) Nikamtajia namba ya mita, akanunua LUKU ya elfu tano kwa hela yake, akashika tochi na kuanza kunisomea zile tarakimu 20 kama mwalimu wa chekechea, mimi niko magotini nabofya. "Saba. Nne. Nne tena, mwanangu, usikimbilie." Mita ikakataa. Tukaanza upya. Hapo ndipo jirani alipotia kichwa dirishani.

Mengine yalienda chapchap: umeme ukarudi, bei ikashuka mpaka 280,000, akakata na elfu tano yake, kirikuu ikaja, friji ikaenda Mbagala.

Usiku naanza kusinzia, simu inaita. Ni mama.

"Mwanangu, zile uniti zilizobaki, huwezi kunihamishia kwenye mita yangu?"