Si theluji iliyowafundisha wakulima wa huku kuweka akiba

Sisi Wakongomani tulioko Quebec, Canada, kila tukikutana kuna maneno lazima yatoke: eti watu wa huku wanajua kazi kwa sababu ya baridi, na sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tumelemazwa na hali ya hewa nzuri. Udongo wa volkano, mvua misimu miwili, baridi ya kuua hakuna, basi mtu analala. Mimi nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, baridi hiyo naishi nayo, na maneno hayo nayakataa.

Kwanza niieleze baridi yenyewe, maana walio nyumbani wanafikiri ni ile ya Masisi, milimani karibu na Goma, asubuhi, ya kuvaa koti hadi jua lipande. Januari kipimo kinashuka hadi 25 chini ya sifuri, usiku mwingine hata 30. Ndama akizaliwa usiku wa namna hiyo, ukichelewa kumkausha masikio yanaganda, na baadaye ncha zake zinakauka na kudondoka. Kwa hiyo tunamfuta kwa taulo hadi manyoya yasimame, tunamweka chini ya taa ya joto, tunamvalisha koti (ndiyo, ndama wa huku wana makoti yao), kisha tunamwongezea maziwa, kwa sababu mengi anayokunywa yanaishia kumpasha mwili tu. Mabomba ya maji yanaganda. Dizeli ya kawaida nayo inagandamana, kwa hiyo inauzwa dizeli ya wakati wa baridi, na trakta inalala imechomekwa kwenye umeme ili asubuhi ikubali kuwaka. Ng'ombe wakubwa ndio hawasumbui: zizi limefungwa, joto la miili yao linawatosha.

Malisho yanalala kuanzia Novemba hadi Aprili. Shamba zima linaishi kwa kilichovunwa wakati wa joto: nyasi zinaanza kukatwa Juni, mahindi yanakatwakatwa na mabua yake kwenye Septemba na kushindiliwa ndani ya silo, yaani ghala la chakula cha mifugo. Hata samadi ina kalenda. Kwa kawaida sheria ya Quebec inataka imwagwe shambani kati ya 1 Aprili na 1 Oktoba, tena si juu ya ardhi iliyoganda, isije ikasombwa hadi mitoni theluji ikiyeyuka.

Lakini bibi yangu kule Masisi alihifadhi mbegu za maharagi kwenye majivu zisiliwe na vidudu, na mahindi aliyatundika juu ya moshi wa jiko. Theluji hakuwahi kuiona. Alikuwa na msimu wa Septemba na msimu wa Februari, na alijua njaa inapenya wapi katikati yake.

Kinachonigusa kwa patron wangu, mwenye shamba, ni kwamba akiba yake haina mlinzi. Chakula cha ng'ombe cha miezi kiko nje, marobota ya nyasi yamefungwa plastiki nyeupe, yamepangwa kando ya barabara, na mwenyewe analala usingizi. Gari la maziwa linafika kila baada ya siku mbili, maana theluji imeshaondolewa barabarani kabla hakujapambazuka. Na barabara au umeme vikikosekana, bidii haimwokoi mtu. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nyaya na nguzo za umeme Quebec. Wakulima wasio na jenereta walishindwa kukamua na kupoza, maziwa yakamwagwa. Je, wiki ile walikuwa wamegeuka wavivu?

Kwetu, mwenye ghala lililojaa anajiitia watu wenye bunduki. Ndiyo sababu maharagi yanauzwa siku zile zile za mavuno, bei ikiwa chini kabisa, halafu aliyeyalima anakuja kuyanunua tena kwa bei ya juu. Ng'ombe waliozaliana tangu enzi za babu wanaswagwa usiku mmoja. Fromaji (jibini) ya Masisi inashuka kwa pikipiki kwenye matope hadi Sake, mji mdogo karibu na Goma, na kila barieri, kizuizi cha barabarani, inadai chake. Baridi ya huku ni kali, lakini mwezi wa kuingia unajulikana na wa kutoka unajulikana. Vita haina kalenda. Wengi waliojaa kwenye makambi kando ya Goma walikuwa wakulima, na walikimbia shamba likiwa na chakula.

Kwa hiyo nawaomba, wakubwa kwa wadogo: tukipiga simu nyumbani tusiwafundishe watu kazi. Tuwaulize wanataka kuhifadhi nini, na wapi. Kuna mifuko isiyopitisha hewa. Maharagi yakikaushwa vizuri na kufungwa humo, vidudu vinakosa pumzi na kufa bila dawa. Mbegu zinaweza kukaa mjini kwa ndugu badala ya kubaki kijijini. Dada yangu Goma ana chumba kikavu chenye mlango wa chuma, na amekubali kupokea mbegu za mama zetu msimu huu. Nauli ya magunia kutoka Sake nitalipa mimi. Mwenye kijiji upande ule na anayetaka za kwao ziingie humo, aniandikie kabla ya mavuno.